Nyumba ya Mawe ya Ikutha na Ripoti Yangu ya Kurasa Saba

Vijana wangu wa ofisi ya majengo,

Siku mliyoniaga, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi Mzee Kyalo hakuwahi kukosea. Mkapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa nayahesabu makosa yangu kimoyomoyo, na soda ikaisha kabla sijatoka mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo nimeona niwaandikie ukweli ningali nakumbuka. Habari za kupandishwa cheo nitaziacha. Ni chache na hazichekeshi. Nitawaambia nilivyoanza, na habari ya nyumba moja iliyonifundisha kazi baada ya mimi kudhani naijua.

Nilianza kazi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitui, watu walinipokea kama shujaa kwa sababu nilirudi na koti la kijeshi na kuchechemea. Sikuwaambia kwamba huko nilikuwa karani wa stoo ya mablanketi, wala kwamba mguu uliumizwa na sanduku la mablanketi hayo hayo. Nilijua kusoma, kuandika na kupiga taipu kwa vidole viwili. Siku hizo hiyo ilitosha kumfanya mtu ajione profesa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye daftari moja kubwa la jalada la ngozi. Kila jengo la serikali katika upande wetu liliandikwa humo: urefu, upana, paa la nini, nani alilijenga na nani wamekaa ndani yake. Mwenye daftari alikuwa karani mkuu, Mzee Salim, Mwislamu wa mjini Kitui. Babu yake alikuja kutoka pwani na bidhaa, akaoa Mkamba, akasahau kurudi. Mzee Salim alikuwa na Kikamba chenye adabu kuliko changu, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo.

Asubuhi ya kwanza alinipa futi ya kitambaa, akaniambia nipime chumba chetu ndani, kisha nipime nje. Ndani kulikuwa na meza na makabati, kwa hiyo nilipima vipande vipande nikajumlisha. Nje nilipima kwa mkupuo mmoja. Nikampelekea karatasi, mwandiko wangu umepangika vizuri kama mahindi shambani.

Akaisoma, akaitazama dari, akaisoma tena.

"Bwana Kyalo," akasema, "chumba hiki ni kikubwa kuliko nyumba iliyokibeba. Mafundi wetu ni hodari, lakini si kiasi hicho."

Kumbe ile futi ilikuwa imekatika mwanzoni. Ilianzia kwenye namba mbili, na kila kipande nilichopima kilikuwa kinaongezewa futi mbili za bure. Mzee Salim alijua. Aliitunza kwa ajili ya makarani wapya.

"Kabla ya kupima kitu," akaniambia, "kipime kipimo."

Mengine alinifundisha kidogo kidogo. Tumia penseli, maana wino na jasho haviivani. Usifungue daftari kabla ya salamu kwisha, na Ukambani salamu haziishi haraka. Na la muhimu kuliko yote: "Usiulize nani alijenga nyumba. Ukiuliza hivyo, kila mwanamume atasema ni baba yake. Uliza nani alikuwa anapika humo. Hapo uongo ni mgumu, maana majirani waliuona moshi."

Niliyaandika maneno hayo vizuri kwenye kijitabu changu. Kuyaandika niliyaandika. Kuyafuata ni jambo lingine.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza wakati Bwana Injinia, mkubwa wetu Mzungu, aliponiita peke yangu. Mzee Salim alikuwa likizoni, amekwenda Mwingi kwenye arusi ya mpwa wake. Bwana Injinia akaniambia kwamba huko Ikutha, kwenye mwinuko juu ya mto mkavu, kuna nyumba ndogo ya mawe ya zamani, na haimo katika daftari letu. Watu wa Ikutha walikuwa wanaomba zahanati, na mawe ya kuchongwa yalikuwa adimu. Kama nyumba ile ilijengwa na ofisa fulani wa zamani, basi ni ya serikali, na mawe yake yatabomolewa yajengee zahanati. Kama ni ya mtu, iachwe.

"Tafuta historia yake na wote waliokaa humo," akasema. "Niletee ripoti."

Nilitoka mle ofisini nikiwa nimenenepa. Ripoti! Mimi mwenyewe! Nikapakia baiskeli kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, nikashukia Ikutha, nikapanda mwinuko.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imara, paa la bati lenye kutu, mawe yamepangwa kwa ustadi ambao hata leo sijauona mara nyingi. Nilipima kila upande, na futi yangu ilikuwa nzima, mjue. Juu ya mlango, kwenye jiwe refu, nikaona herufi mbili zimechongwa: W.M.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo anapeta mtama. Jina lake Kamene, ingawa mimi sikuliuliza.

"Unatafuta nini ukutani, mwanangu?" akaniuliza.

"Kazi ya serikali, mwaitu," nikamjibu, kwa jina la heshima tunaloitia mama. Kisha nikamwomba maji. Akaniletea katika kibuyu, nikanywa, nikashukuru, nikaondoka. Huo ndio uchunguzi wote niliofanya kwa binadamu.

Uliobaki niliufanya kwa mafaili. Kitui nilichimbua makaratasi ya zamani yaliyoliwa na mchwa pembeni, na humo nikamkuta Mzungu mmoja mpimaji aliyewahi kupita Ikutha. Jina lake lilianza na W, na la ukoo lilianza na M. Niliruka kwenye kiti. Nikaketi kwenye taipu siku tatu, vidole viwili, nikatoa ripoti ya kurasa saba. Nilieleza jinsi mpimaji huyo alivyoipenda ile mandhari, alivyoketi barazani jioni akiutazama mto. Nyumba yenyewe haina baraza, lakini nilikuwa nimeshika moto. Kulikuwa na neno moja nililolitoa katika kamusi, nikalitumia mara nne kwa sababu lilinipendeza. Na kuhusu Mama Kamene niliandika hivi: "mkaaji asiye na haki."

Bwana Injinia alinipa mkono wa pongezi. Barua ikaenda Ikutha: mkaaji ahame mwezi ukiisha.

Mzee Salim aliporudi kutoka arusini nilimpa nakala ya ripoti kabla hata hajavua kofia. Aliisoma yote, polepole, akilamba kidole kwa kila ukurasa.

"Umeandika vizuri sana," akasema. "Anayeishi humo ulimuuliza?"

"Nilimwomba maji, Mzee."

"Akakupa?"

"Akanipa."

"Basi alikuwa na mikono na masikio. Na mdomo je?"

Akaomba faili la yule mpimaji, akafungua ukurasa niliouona na kugeuza ule wa pili, ambao mimi katika furaha yangu sikuugeuza. Akaniwekea kidole kwenye mstari. Mpimaji alilala Ikutha siku mbili, ndani ya hema, akaugua tumbo, akaondoka, asirudi tena.

Niliusoma mstari ule mara mbili. Aibu haikuwa yote. Yale maneno "asiye na haki" yalikuwa yangu, hakuna aliyenituma kuyaandika, na yalikuwa yamekwisha kufika mlangoni kwa yule mama.

"Nifanye nini, Mzee?"

"Uende kwa Bwana Injinia umwambie umekosea. Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Niliingia mwenyewe. Bwana Injinia hakupiga kelele, laiti angepiga. Akasema, "Umeniletea kurasa saba kwamba nyumba ni ya Mzungu. Sasa unasema si yake. Ni ya nani basi?" Nikasema sijui. Akasema, "Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitakwenda Ikutha mwenyewe. Ukinionyesha jambo la kushikika, nitabadilisha amri. Usiponionyesha, mafundi wataanza kazi Jumatatu."

Safari hii nilipopanda ule mwinuko sikuwa na haraka. Nilimkuta Mama Kamene amefunga vyombo vyake kwa kamba za mkonge, vimepangwa ukutani. Mwalimu wa kanisa alikuwa amemsomea barua. Alinitazama, akanitambua.

"Wewe ndiye uliyekunywa maji yangu," akasema.

Nimewahi kutukanwa na wakubwa kwa lugha tatu. Hakuna tusi lililoniingia kama lile, na halikuwa tusi.

Nikakaa chini, mchangani, suruali yangu ya kaki na vyote. Nikamwambia: "Mwaitu, mimi ndiye niliyeandika uongo. Sikukusudia, lakini niliuandika. Nimekuja kukuuliza nilichopaswa kukuuliza siku ile. Katika nyumba hii ni nani alikuwa anapika?"

Akacheka kidogo, kwa pua. "Unadhani nani? Mimi."

Ndipo akanieleza. Mumewe, marehemu Wambua Mutinda, alijifunza uashi kwa mafundi Wahindi kwenye reli, huko Kibwezi. Aliporudi nyumbani akaapa kujenga nyumba kama ya msimamizi wa stesheni. Alianza kuijenga wakati wa njaa kubwa. Walikuwa na mtama kidogo ghalani, na watu waliokuwa wakipita kwenda Kibwezi kutafuta chakula walibeba mawe siku moja au mbili, wakala, wakaendelea na safari. Hakujua kusoma; herufi mbili za jina lake ndizo pekee alizozijua, na ndizo alizochonga.

"Na wengine waliokaa humu?" nikauliza, penseli ikikimbia.

Akahesabu kwa vidole. Mfanyabiashara wa Kiswahili aliyepanga chumba kimoja akiweka ngozi za ng'ombe; harufu yake, akasema, haijatoka mpaka leo mvua ikinyesha. Mhubiri aliyefundisha watoto kusoma akiandika kwa makaa ukutani. Na wale wa njaa, wengi, hakujua majina. "Mmoja alikuja kutoka upande wa Kitui, mja mzito. Akajifungua kile chumba cha nyuma, paa hata halijawekwa. Mtoto wa kiume. Akaitwa Kyalo, kwa kuwa alizaliwa safarini."

Kwetu, kama mjuavyo, kyalo ni safari. Nikaandika: "Mwanamke mmoja, jina halijulikani. Mtoto wake, Kyalo." Nikapiga mstari chini, nikauliza kama kuna mwingine.

Ndiyo, vijana wangu, niliandika hivyo hivyo, kwa mkono wangu, bila kusita.

Kilichonisumbua ni ushahidi. Maneno ya mwenye nyumba peke yake hayangetosha. Nikaenda mpaka Kibwezi kutafuta waashi waliofanya kazi na Wambua. Nilipata pancha mbili, nikanyeshewa mara moja, na mzee mmoja tu aliyemkumbuka. Alimsifu sana kwa kuimba. Nyumba yake hakuwahi kuiona. Nikarudi Kitui juu ya lori la magunia, nimebakiwa na siku tatu.

Mzee Salim akachukua kijitabu changu, akasoma kimya. Akasimama kwenye mstari mmoja.

"Huyu Kyalo ni nani?"

"Ni mtoto tu aliyezaliwa hapo wakati wa njaa. Kina Kyalo ni wengi, Mzee. Ukirusha jiwe Ukambani utampata mmoja."

"Kweli. Na wewe ulizaliwa wapi?"

"Safarini," nikasema.

"Safari ya kwenda wapi?"

Tangu nipate akili nilijua kwamba nilizaliwa safarini. Sikuwahi kuuliza safari yenyewe ilikuwa ya wapi. Mama alisema "safarini" kwa namna ya kufunga mlango, nami sikuwahi kubisha hodi.

Mzee Salim akavua miwani. "Umekwenda hadi Kibwezi kwa baiskeli kuuliza habari za nyumba," akasema, "na mama yako anakaa mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa."

Nilimkuta mama, Mbithe jina lake, nyuma ya nyumba anachagua pojo kwenye ungo. Sikuzunguka. "Mwaitu, kuna nyumba ya mawe Ikutha. Umewahi kuiona?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Yule mwanamke bado yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Na nyumba itabomolewa Jumatatu, kwa kosa langu."

Hakuniuliza kosa gani. Akamwaga pojo, zilizochaguliwa na zisizochaguliwa pamoja, akasema, "Nitakwenda."

Ijumaa ile tulipanda lori la ofisi. Bwana Injinia alikaa mbele na dereva. Mama na mimi nyuma. Alikuwa amevaa leso yake ya kanisani, amepakata kibuyu kimezibwa kwa gunzi la hindi. Nilidhani ni maji ya njiani. Hakukiweka chini mpaka Ikutha.

Mama Kamene alikuwa amesimama mbele ya mlango, vyombo vyake bado vimefungwa. Wanawake hao wawili walitazamana, lakini Bwana Injinia alikuwa na haraka, akaniambia niulize shahidi anachokijua. Mimi mkalimani, shahidi mama yangu. Nilimweleza Bwana Injinia hivyo mapema, kwa kuwa nilishajifunza nini hutokea karatasi ikificha jambo. Akanyanyua nyusi tu.

Mama akasema: "Nilipofika paa halikuwepo. Lile jiwe la juu ya mlango lilikuwa bado chini, na mwenye nyumba alikuwa analigonga kwa tindo, ngo, ngo, ngo, nami nina uchungu wa kuzaa. Nilimtukana matusi yote ya kwetu."

Nikamfasiria Bwana Injinia: "Anasema kelele hazikumpendeza."

"Nililala chumba cha nyuma," mama akaendelea. "Kulikuwa na dirisha dogo, chini, usawa wa kiuno. Niliomba lizibwe, upepo ulikuwa unampiga mtoto. Yule bwana akaliziba siku hiyo hiyo kwa mawe madogo, akapaka udongo juu. Alikuwa hajakasirika hata kwa yale matusi."

Tukaingia chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo wote, laini, hakuna alama. Mama akautazama, akasogea hatua mbili kushoto, akaweka kiganja. "Hapa."

Bwana Injinia akatoa nyundo yake ndogo. Akagonga pembeni: sauti nzito. Akagonga alipoonyeshwa: sauti nyingine kabisa. Akabandua udongo kwa ncha, ukaanguka vipande vipande, na hapo mbele yetu pakatokea umbo la dirisha, limezibwa kwa mawe madogo, usawa wa kiuno. Nikashika ukuta ule. Watu wengine huonyeshwa mahali walipozaliwa wakiwa watoto. Mimi nilikuwa nimepapima kwa futi na kupaandikia ripoti ya kubomolewa.

Bwana Injinia akaniomba ripoti. Akaichana kurasa zote saba, akaniambia niandike nyingine, na iwe fupi. Niliiandika siku iliyofuata, mistari kumi na mmoja. Bado ndiyo ripoti bora niliyowahi kuandika. Mama Kamene alibaki katika nyumba yake, na haikuandikwa katika daftari letu, kwa kuwa haikuwa yetu. Sitaki mdhani wote walifurahi. Zahanati ilingoja mawe kutoka mtoni, ikachelewa sana, na muda wote huo watu wa Ikutha walibeba wagonjwa wao mbali. Wengine walinijua kwa jina, na hawakuwa wakinisifu.

Lakini siku ile, tulipotoka nje, Bwana Injinia alikwenda kuonana na dereva, kisha akageuka na kusimama, kwa sababu mama yangu alikuwa amemwendea Mama Kamene na kumnyooshea kile kibuyu kwa mikono miwili.

"Ni mtama," mama akasema. "Ile asubuhi niliyoondoka, mlikuwa mmelala. Nilichukua kibuyu chenu mlangoni. Mlinipa mahali pa kuzalia, nami nikawaibia. Ndiyo maana sikurudi. Ndiyo maana hata huyu sikumwambia alikozaliwa."

Mama Kamene hakukipokea.

"Sikuwa nimelala," akasema. "Kile kibuyu nilikiweka mlangoni mimi, ili ukione. Humo ndani mlikuwa watu wanane, wote na njaa. Ningekupa mkononi, wangeona."

Mama yangu akaketi chini pale pale, akajifunika uso kwa leso. Mama Kamene akaketi kando yake, akamshika kiwiko, kama mtu anavyomshika mtoto asianguke.

Bwana Injinia akanikaribia. "Wanasema nini?"

Miaka yote niliyofanya kazi ya ukalimani, ukiacha yale matusi niliyoyalainisha, sikuwahi kufasiri vibaya kwa makusudi isipokuwa mara hiyo.

"Wanasalimiana, Bwana," nikasema.